Ngoma Ina Mwenyewe: Ridhaa na Usalama Katika Usiku wa Masasi na Newala

Oktoba ikiingia, minada ya korosho ikianza na malipo ya AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, yakitoka, Masasi hailali mapema. Baa zinajaa, uraka, pombe ya mabibo, unatembea vijijini, bodaboda wanapiga kazi mpaka alfajiri. Huko Newala, juu ya uwanda wa Makonde, spika za kukodi zinafungwa kwenye ua wa mtu anayetoa wali wake, wasichana waliochezwa unyago, likizo ya Desemba. Watu wana haki ya kufurahi. Wamepalilia, wamepuliza salfa, wameokota korosho mojamoja, wamesubiri bei. Makala haya hayaji kuzima muziki.

Yanauliza nani anawalinda watu muziki unapopigwa. Jibu tulilozoea ni kwamba kila binti ajilinde mwenyewe: asitoke usiku, asivae hivi, asinywe. Ushauri huo umetolewa miaka mingi na haujatufikisha mbali. Kwanza, ngoma nyingi za kwetu ziko nyumbani. Binti anayeambiwa asitoke ndiye anayepika pilau ya wageni, ndiye dada wa mwali, ndiye anayetumwa maji saa saba za usiku. Hawezi kukosekana. Pili, mara nyingi anayemfanyia mtu ukatili si jini wa njiani. Ni jirani, ni shemeji, ni mwenye bodaboda wanayemjua wote. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto wa mwaka 2009 ulikuta kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Soma tena hiyo ya wavulana, kwa sababu huwa hatuizungumzii kabisa.

Kwa hiyo ninaandika hasa kwa watu wenye mamlaka ya usiku: mwenye ngoma aliyechukua kibali kwa mtendaji, mwenye baa, mpiga disko, MC, mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda, mama wa jikoni, na manyakanga, yaani walimu wa unyago. Ngoma ina mwenyewe. Chakula kikiisha mapema analaumiwa yeye, muziki ukikatika anatafutwa yeye. Lakini mtu akidhuriwa nyuma ya choo, wote tunamgeukia binti na kumuuliza alifuata nini kule.

Ridhaa ni nini, na nini si ridhaa

Ridhaa ni mtu mzima kukubali jambo fulani, akiwa na akili zake, akiwa huru kukataa, na akijua anachokikubali. Ikikosekana sehemu moja, hakuna ridhaa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kama ilivyorekebishwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, inaliweka hivi katika kifungu cha 130: mwanamume anabaka akimwingilia mwanamke bila ridhaa yake. Anabaka pia ikiwa ridhaa hiyo imepatikana kwa nguvu, kwa vitisho au kwa kumzuia mahali, au ikiwa imepatikana mwanamke akiwa amelewa kitu alichopewa na mwanamume huyo au na mtu mwingine. Msichana aliye chini ya miaka 18, hata akisema ndiyo mara kumi, ndiyo yake haihesabiki. Adhabu kwa mtu mzima haipungui miaka 30 jela. Wakiwa kundi ni kifungo cha maisha, na aliyesimama kuwasaidia anaingia humohumo.

Kifungu hicho kina jambo jingine ambalo wachache wanalijua. Sheria haidai kwamba mwanamke awe na majeraha ili ithibitike kwamba hakuridhia. Wapo wanaosema, "Kama hakutaka, mbona hana hata mkwaruzo?" Mtu aliyeshikwa na hofu huganda. Mwili unakataa kupiga kelele, mikono haiinuki. Mwili hufanya hivyo wenyewe mbele ya hatari, na sheria imelizingatia.

Haya, tuje kwenye visingizio tunavyovisikia kila msimu.

Cha kwanza ni bia. "Nimemnunulia tangu saa mbili." Sawa, ulinunua bia, na bia ulipewa. Biashara hiyo iliisha kaunta, na hakuna deni lililobaki linalolipwa kwa mwili wa mtu. Wanaume wenyewe waambiane hili, maana anayeambiwa na rafiki yake mezani husikiliza kuliko anayeambiwa na semina. Na kama mtu anaona ameliwa hela yake, kesho asinunue. Hayo ndiyo madai pekee aliyonayo.

Cha pili ni kucheza. Sindimba imetoka kwetu na inajulikana nchi nzima. Kiuno ndicho ufundi wake, na mchezaji hodari anashangiliwa kwa hicho. Mgeni anayeiona mara ya kwanza anaweza kudhani anaitwa. Mwenyeji hana udhuru huo. Anayecheza anacheza. Kukubali kucheza na mtu ni kukubali kucheza naye, na wimbo ukiisha ruhusa hiyo imeisha nao. Anayetaka kuendelea na mazungumzo aulize: "Tukae pale tuongee?" Akijibiwa "Hapana, narudi kwa wenzangu", amejibiwa. Kumshika mkono asiondoke na kumfuata hadi jikoni ni kumsumbua, na kumpapasa kwenye umati muziki ukipanda ni kosa la jinai lenye jina: shambulio la aibu, kifungu cha 135. Wengi wanayaita utani.

Cha tatu ni kunyamaza. Hapa mzee mmoja atainua kidole na kusema kwamba hata katika dini binti akinyamaza amekubali. Anachokikumbuka ni posa: mwanamwali anayeulizwa na walii wake, nyumbani, mchana, kuhusu ndoa, naye akaona haya kutamka. Jambo hilo lina mashahidi, lina mahari, lina muda wa kufikiri. Kulihamisha na kulipeleka kwenye giza la nyuma ya grosari ni kuionea dini yenyewe. Nyuma ya grosari, kama hujasikia ndiyo, huna ndiyo.

Cha nne ni "wanawake husema hapana wakimaanisha ndiyo". Tuseme yupo anayesema hivyo. Ukiondoka, utakuwa umepoteza nini? Akitaka atakuita. Lakini ukikaa ukamlazimisha aliyekuwa anamaanisha hapana, umeingia kwenye miaka 30.

Na aliyekubali anaweza kubadili mawazo. Alikubali kusindikizwa, hakukubali kuingia ndani. Aliingia ndani, akaona hataki tena. Mlikuwa pamoja wiki iliyopita, leo hataki. Ya wiki iliyopita yaliisha wiki iliyopita.

Pombe tuiseme wazi, kwa kuwa hapa kwetu ndiyo dawa ya kulevya inayotumika zaidi kumwangusha mtu kuliko vidonge tunavyovisikia kwenye filamu. Konyagi inamiminwa ndani ya bia ya mtu alipokwenda chooni. Uraka unasifiwa kuwa "juisi tu" kwa binti ambaye hajawahi kuonja, wakati uraka uliolala siku mbili una nguvu ya kutosha kumlaza. Mtu anayeyumba, anayerudia maneno, aliyesinzia kichwa mezani, hawezi kuridhia chochote. Anahitaji maji, mahali pa kulala chini ya macho ya watu, na mtu wa kumpeleka kwao.

"Ameshachezwa"

Kuna neno moja la kwetu linalohitaji kikao chake. Msichana akishachezwa unyago, wapo wanaume wanaosema amekua. Wali wengine wana miaka tisa, kumi, kumi na miwili. Wanatoka ndani wamepambwa, wamefundishwa, wanachezewa ngoma usiku kucha, na usiku huohuo macho ya watu wazima yanabadilika. Sheria haijui kuchezwa. Inajua miaka 18. Aliye mwanafunzi analindwa pia na Sheria ya Elimu, ambayo tangu marekebisho ya mwaka 2016 inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Na kuhusu wanaokimbilia ndoa kufunika jambo: Mahakama Kuu mwaka 2016, kisha Mahakama ya Rufani mwaka 2019, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, zilisema kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 14 au 15 vinakwenda kinyume cha Katiba.

Simlaumu nyakanga. Yanayofunzwa ndani hayaandikwi gazetini, nami sitayaandika. Ninachosema ni kwamba hakuna shule katika Masasi na Newala yenye usikivu kama ile ya unyago. Mwalimu wa Baiolojia ana dakika 40 na wanafunzi 70 wanaocheka. Nyakanga ana siku kadhaa na mtoto ambaye hatamsahau maisha yake yote. Akisema neno moja kuhusu kukataa, limekaa.

Wapo watakaosema mila haiguswi. Ya Masasi imeshaguswa, na iliguswa na watu wake wakiwemo. Vincent Lucas wa UMCA, misheni ya Kianglikana, kabla na baada ya kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, alikaa na wazee na walimu Waafrika wakaunda jando la Kikristo: kambi ikabaki, tohara ikabaki, wazee wakabaki, mafundisho mengine yakaondolewa na mengine yakaingizwa. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1972, na moja ya mambo yanayoonekana katika habari hiyo ni kwamba upande wa wasichana ulikuwa mgumu zaidi kwa wamisionari. Mimi siushangai ugumu huo. Wanawake hawakuona sababu ya kukabidhi chao kwa watu wa nje. Ndiyo maana bango la hospitali likibandikwa kwenye mlango wa nyumba ya mwali halitafanya kazi. Manyakanga wenyewe ndio waamue waingize nini.

Kama wangeniuliza, ningeomba vitatu. Mwali aambiwe kwamba mwili wake una mwenyewe, na kwamba heshima kwa wakubwa haimlazimishi kunyamaza mkubwa anapomgusa vibaya. Atajiwe kwa jina watu wawili wa kuwaambia: somo wake, na mwingine nje ya ukoo, maana wakati mwingine tatizo liko ndani ya ukoo. Na upande wa jando, vijana waambiwe kwamba anayekataliwa akaondoka hajapungukiwa na uanaume wowote. Wavulana waambiwe pia kwamba likiwapata wao, na wao wana pa kusema.

Tarehe nazo zina maana. Ngoma ya kutoa wali ikigawanywa mara mbili, watoto wakachezewa mchana na kulala saa mbili usiku, kisha watu wazima wakaendelea na muziki wao, nusu ya hatari imeondoka bila kumnyima mtu chochote.

Ua ulivyopangwa

Twende uani, tuutazame kama fundi anavyotazama. Spika mbili kubwa zimekaa kwenye kona, jenereta nyuma yake. Balbu ya pekee imening'inia juu ya mpiga disko, ili aone simu yake. Wanaocheza wako kwenye nusu giza, na hilo halina neno. Jiko la kuni liko upande wa pili, akina mama watano wanakoroga. Choo kiko nyuma ya nyumba, hatua thelathini kupita mikorosho, na njia yote ni kiza. Bodaboda wamejipanga barabarani, hawaonekani kutoka uani.

Sasa hamisha vitu vitatu. Vuta waya, weka balbu ya pili kwenye njia ya choo. Kama umeme hautoshi, taa ya sola inatosha. Ondoa meza ya pombe karibu na njia hiyo, kwa kuwa wanywaji hukaa walipo na chupa. Bodaboda waegeshe pale wanapoonekana na akina mama wa jikoni.

Balbu hiyo ina kazi ya pili ambayo haionekani usiku ule. Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, iliweka maswali ambayo mahakimu wanayauliza mpaka leo shahidi akisema alimtambua mtu gizani: ulimwona kwa muda gani, mlikuwa umbali gani, mwanga ulikuwa wa nini na mkali kiasi gani, ulikuwa unamfahamu kabla? Kesi nyingi za usiku huanguka hapo. "Niliona kwa mwanga wa balbu ya chooni, alikuwa hatua mbili, na ninamfahamu tangu shule" ni ushahidi. "Kulikuwa na mwanga" pekee hautoshi.

Akina mama wa jikoni ndio walinzi wazuri kuliko mgambo, nami nalisema hili nikiwa nawaheshimu mgambo. Hawajalewa, wako macho usiku kucha, wanawajua watoto wote wa mtaa na wanajua nani ni wa nani. Wapewe kazi hiyo rasmi na mwenye ngoma mbele ya watu. Mama akiona binti amebanwa kwenye ukuta na mwanamume ambaye hamwachii nafasi, hahitaji ugomvi. Anapaza sauti: "We mwanangu, njoo unishikie sufuria hapa!" Binti ameshapata mlango. Kijana naye anaweza kulifanya kwa mwenzake: "Kaka, twende, kuna mtu anakutafuta kule nje." Ukiona mtu anaburutwa, piga kelele na uite watu. Ukiona wako wengi na wana silaha au wamelewa vibaya, usijitupe peke yako. Mwambie mpiga disko azime muziki. Muziki ukikatika ghafla kila mtu anageuka kuangalia, na hicho ndicho mtendaji wa uovu asichokipenda.

Uingereza, mwaka 2016, katika jimbo la Lincolnshire, walianzisha kampeni ya neno la siri kwenye baa. Aliyeona mtu aliyekuja naye haeleweki alikwenda kaunta na kumuulizia "Angela", na mhudumu akajua kwamba huyu anahitaji kutolewa hapa salama. Kampeni ilienea nchi nyingi. Udhaifu wake ni kwamba bango la kampeni liko chooni lakini mhudumu aliyeajiriwa juzi hajaambiwa kitu, na binti anajibiwa, "Angela hafanyi kazi hapa." Tukitaka la kwetu, liwe la kuchekesha kidogo ili likumbukwe: "Mama Chumvi yupo?" Lakini mhudumu, mama wa jikoni na mlinzi wa mlangoni waambiwe kabla muziki haujaanza, na wajue la kufanya: kumwingiza ndani, kumpa maji, kumpigia ndugu yake, kumwita bodaboda aliyekubaliwa.

MC naye ana kipaza sauti, na kipaza sauti kina nguvu. Badala ya kupoteza dakika kumi akisifia suruali ya mtu aliyemtunza, aseme mara mbili tatu usiku: "Mpenzi mcheza ngoma, ukiambiwa hapana, zungusha kiuno kuelekea kwingine. Jikoni kuna mama zetu, ukiona jambo wafuate." Watu watacheka na watakuwa wamesikia.

Baa na njia ya kurudi nyumbani

Masasi ni njia panda. Magari ya Mtwara, Songea, Newala na Nachingwea yanapita hapa, na tangu Daraja la Umoja kule Mtambaswala lilipofunguliwa mwaka 2010, wapo pia wanaokwenda na kutoka Msumbiji. Mteja wa usiku mmoja hamwogopi mtu, kwa sababu hatamkuta tena. Anayeumia kwanza ni mhudumu.

Mwenye baa akubali jambo moja: mhudumu anauza vinywaji. Mteja anayemshika mhudumu aonywe mara moja, mara ya pili alipishwe na kutolewa, hata kama meza yake ndiyo inayolipa vizuri. Mhudumu asilazimishwe kukaa mezani na mteja, na mshahara wake usitegemee tabasamu. Mwenye baa anayemwambia mfanyakazi wake "mvumilie, ni mteja mkubwa" ameshachagua upande. Na akimtaka mhudumu kingono kwa kuwa ndiye anayemlipa, huo nao ni unyanyasaji wa kijinsia, na Kanuni ya Adhabu inautaja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamkataza pia kuruhusu watoto kuingia baa au klabu ya usiku na kuwauzia pombe. "Anaonekana mkubwa" si kitambulisho.

Bodaboda ni jambo la kukubaliana mapema, kwa mdomo na mbele ya mwenyekiti wa kijiwe. Mwenye ngoma achague madereva wawili watatu wanaoaminika, wasiokunywa usiku huo, na namba zao ziwe kwa mama wa jikoni. Abiria akipakiwa, anayemsindikiza apige picha namba ya pikipiki mbele ya dereva mwenyewe, bila kujificha. Dereva mwema hatachukia. Aliyelewa sana asipakiwe peke yake. Najua hapo ndipo tunapoingia kwenye mshikaki, abiria wawili pikipiki moja, na mshikaki hauruhusiwi. Basi alale hapohapo, kwenye chumba cha wanawake, kwao wapigiwe simu.

Likitokea

Maneno ya kwanza anayoyasikia mtu aliyefanyiwa ukatili yanaamua kama atasema zaidi au atafunga mdomo miaka ishirini. "Pole. Nimekusikia. Hukukosea." Yanatosha. Maswali ya alivaa nini na alikuwa na nani hayamsaidii daktari wala polisi.

Kisha saa zinaanza kuhesabika. Dawa za kinga dhidi ya maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi. Humezwa siku 28 bila kuruka. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba nayo hufanya kazi vizuri zaidi ikiwahiwa. Kuna pia tiba ya magonjwa ya ngono. Kwa walio Masasi mjini, pa kwenda ni Mkomaindo. Walio upande wa Ndanda wana hospitali ya misheni. Walio Newala wana hospitali ya wilaya. Usisubiri kupambazuke, na usisubiri kikao cha familia.

Asioge, asijisafishe sehemu za siri, na nguo alizovaa zifungwe kwenye karatasi au khanga safi. Mfuko wa nailoni huozesha ushahidi. Ila kama ameshaoga, aende hivyohivyo. Wapo waliokaa nyumbani wakidhani wameharibu kila kitu.

Fomu ya PF3 hutolewa na polisi na kujazwa na daktari. Aliyeumia aanze na matibabu, fomu itamfuata. Na wengi wanaamini kwamba pasipo PF3 hakuna kesi. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Selemani Makumba la mwaka 2006, ilisema kwamba ushahidi wa kweli wa kosa la kubaka hutoka kwa aliyetendewa mwenyewe. Fomu inamwongezea nguvu, haichukui nafasi yake. Kwa mtoto, bebeni cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, kwa sababu umri lazima uthibitishwe mahakamani.

Kituoni ulizeni Dawati la Jinsia na Watoto. Kama anamfahamu aliyemtendea, amtaje kwa jina kwa mtu wa kwanza anayemwambia, na mtu huyo akumbuke saa na maneno. Mahakama hutilia maanani sana shahidi aliyemtaja mtuhumiwa mapema, na humtilia shaka aliyekaa wiki mbili ndipo akakumbuka jina.

Kuna wazee watakaokuja jioni na ombi la kuyamaliza nyumbani: mbuzi wawili, hela kidogo, na kijana kuhamishiwa kwa mjomba wake. Kosa hili ni la jinai, na anayeshtaki ni Jamhuri. Baba hana mamlaka ya kulisamehe kwa niaba ya binti yake, na kijana aliyehamishwa atahudhuria ngoma za huko alikohamishiwa.

Na simu. Agosti 2024 video ya binti wa Yombo, Dar es Salaam, akifanyiwa ukatili na kundi la wanaume ilisambaa nchi nzima. Septemba 30 mwaka huohuo mahakama ya Dodoma iliwahukumu washtakiwa wanne kifungo cha maisha. Lakini kati ya siku hizo mbili, maelfu ya watu wasiokuwa na nia mbaya walikuwa wameisambaza wakisema "jamani, mnaona haya?" Ukipata video kama hiyo, ipeleke polisi na uifute kwenye simu yako. Kila anayeituma tena anamvua nguo upya.

Kwa mtoto aliye hatarini, namba 116 hupigwa bure, na anayepiga si lazima awe mzazi. Hata jirani anaweza. Polisi ni 112. Afisa ustawi wa jamii yuko halmashauri, na wasaidizi wa kisheria wako karibu kuliko wengi wanavyodhani. Mtendaji wa kata anawajua.

Kliniki ya kurudi ndiyo inayosahaulika. Kipimo cha VVU hurudiwa baada ya wiki kadhaa na tena baada ya miezi mitatu. Dawa za siku 28 huleta kichefuchefu na watu huziacha siku ya tano wakidhani zinawadhuru, kumbe wangemwambia mhudumu wa afya angewasaidia. Familia ipange mtu mmoja wa kumsindikiza safari zote na nauli yake iwekwe kando mapema, hasa kwa walio vijiji vya chini kuelekea Mto Ruvuma, ambako gari ni moja kwa siku na mvua ikinyesha halipandi.